Ng'ombe mchafu na simu ya mama mkubwa

Nilipotea kidogo. Nilikuwa Ilagala, pale mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, kumsalimia mama mkubwa. Mama anauza mawese, na meseji zote za pesa za wateja wake zimo kwenye simu yake kuukuu ya Android. Akaniambia, "Mwanangu, wewe uliyesoma, hebu iangalie, imekuwa nzito."

Nikafungua mipangilio. Kiraka cha mwisho cha usalama: Agosti 2016. Nikashtuka! Ngoja niwaeleze kwa nini.

Android imejengwa juu ya kerneli ya Linux, yaani kile kiini kinachoamua programu ipi iguse nini. Ichukulie kama mtendaji wa kijiji mwenye daftari. Ukitaka kusoma, anakufungulia. Ukitaka kuandika, anakutolea nakala yako, daftari linabaki salama.

Sasa tuseme mmeenda wawili. Mtendaji ametoa nakala, akajisemea kwamba suala la kalamu yako limeisha. Kabla hujaandika, mwenzako anaichana ile nakala. Mtendaji anatafuta karatasi upya, lakini amesahau kwamba una kalamu. Anakupa daftari lenyewe! Hapo unaweza hata kujiandika mwenyekiti.

Tundu hilo liliitwa Dirty COW, ng'ombe mchafu, maana COW ni kifupi cha utaratibu huo wa kutoa nakala. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alijaribu kuliziba 2005. Marekebisho yake yakaondolewa kwa sababu yalisumbua kompyuta kubwa za IBM. Enzi hizo hatari ilionekana ya nadharia tu, ikaachwa.

Miaka 11 baadaye, Oktoba 2016, Phil Oester akakuta wavamizi wanalitumia kweli kwenye seva. Linus akaliziba mwezi huohuo: kerneli haisahau tena kalamu, na kabla ya kuruhusu uandike inahakikisha nakala imeshatolewa. Septemba 2017 ikagundulika programu hasidi, ZNIU, inayopita kwenye tundu hilo katika simu za Android ambazo hazijapata kiraka. Novemba 2017 ikabainika hata kiraka chenyewe kiliacha upenyo, nacho kikashonwa tena.

Kwa hiyo vitabuni hadithi imeisha. Kwa mama mkubwa haijaanza! Kiraka hakifiki simuni chenyewe: lazima mtengenezaji wa simu akiandae na kukituma, na simu za bei nafuu husahaulika mapema.

Nilichoweza kufanya ni kidogo. Ng'ombe huyu anahitaji programu ya kumwingiza, kwa hiyo nilifuta zile alizorushiwa na vijana wa jirani, nikamwomba asipokee nyingine. Akacheka: "Kumbe hata simu ina mlango wa uani?"

Ndugu msomaji, kiraka cha simu yako ni cha lini? Na cha mama yako je? Tuonane wiki ijayo.