Kuvu ndani ya kioo: kamera gani inadumu kwetu Kisangani?

Ndugu zangu wa lisansi, na nyinyi wadogo mliobaki kwenye oditwari, leo siongei muhogo. Naongea aparei ya picha. Lakini mtaona muhogo hauko mbali.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, mvua ilikuwa kali huku Bangboka. Nilitoa kamera yangu ndani ya mfuko wake wa ngozi, ile nilinunua okazyo kwa pesa ya miezi mitatu ya kazi, nipige picha za shamba la majaribio. Kila picha ilitoka na wingu, kama mtu amepumua juu ya kioo. Nikapangusa mbele, nikapangusa nyuma, wingu halikutoka. Nikaenda mjini kwa fundi mmoja mzee. Akawasha tochi, akachungulia ndani ya objektifu, akacheka kidogo.

— Mwana, aparei yako haikufa. Imeota kuvu. Angalia mizizi.

Nikaangalia. Nyuzi nyeupe nyembamba, zimetawanyika kutoka ukingoni kwenda katikati, sawa kabisa na zile tulikuwa tunachora kwenye kozi ya magonjwa ya mimea. Haya ilinishika. Mimi agronome, najua mahindi yakiingia ghalani na unyevu unaopita asilimia 13 au 14 yataharibika, halafu kioo cha bei nimekifungia gizani, ndani ya ngozi yenye jasho!

Tangu siku ile nikawa najiuliza: wale waliopiga picha kwenye pori letu miaka mia na zaidi iliyopita, bila stima, bila mashine ya baridi, walifanyaje? Nimesoma yale nimepata. Jibu nililotoka nalo ni hili: kwetu, picha haifi ju ya kamera dhaifu. Inakufa ju ya unyevu, ao inakufa ju ya kukosa jina.

Adui wa kwanza: maji ya hewani

Kisangani iko nusu digrii tu kaskazini ya ikweta. Mvua yetu inapita milimita 1,700 kwa mwaka, na hakuna mwezi unaopita bila mvua. Kuvu ya kioo haiombi mengi: hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 65 hivi kwa siku nyingi, giza, hewa isiyotembea, na chakula kidogo, yaani vumbi na mafuta ya vidole. Ikikaa mda mrefu, asidi yake inakula ile rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo, na hapo hata fundi atakuambia pole.

Wazee wa filmu waliteseka kuliko sisi. Dawa inayopokea mwanga ilikuwa imechanganywa ndani ya jelatini, na jelatini inatengenezwa na ngozi na mifupa ya wanyama. Kwa kuvu hiyo ni karamu. Tena jelatini inalainika ndani ya maji ya moto-moto. Vitabu vya picha vilisema kusafisha filmu kwenye digrii 20 hivi. Maji ya mto kwetu yanapita hapo mchana na usiku. Ndiyo sababu wapiga picha wa nchi za joto walizoea kufanya kazi hiyo usiku wa manane, maji yakiwa yamepoa kidogo, na kutia shabu ili jelatini ikaze. Asubuhi kulikuwa kazi nyingine: kukausha bila vumbi na bila wadudu.

Baringa, 1904: picha yenye jina

Na hata hivyo kuna picha zilizopona. Tuanze na Baringa, ambayo leo iko katika jimbo la Tshuapa. Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alifika Kongo mwaka 1898 na mume wake John. Mwezi wa Mei 1904, mwanaume mmoja aliyeitwa Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika misheni na furushi la majani. Ndani mlikuwa mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano hivi. Walinzi wa ABIR, kampuni ya kaucho, ndio waliomuua. Alice alimwomba Nsala akae kwenye baraza, akapiga picha.

Picha ile iliingia mwaka uleule kwenye kitabu cha E. D. Morel. Familia Harris walizunguka Uingereza na Marekani wakionyesha picha za Kongo ukutani, kwa sahani za kioo na taa. Mark Twain, mwaka 1905, aliandika hotuba ya kejeli kwa kinywa cha mfalme Leopold II, na ndani yake kamera ndogo ni adui ambaye mfalme hajui amnyamazishe namna gani. Haikuwa picha peke yake: kulikuwa ripoti ya konseli Roger Casement, na kulikuwa Wakongo wenyewe waliosimama mbele ya komisyo ya uchunguzi ya 1904 na 1905. Mwaka 1908 Kongo ikatoka mkononi mwa Leopold, ikaingia kwa serikali ya Ubelgiji.

Sasa jiulizeni: nguvu ya picha ile iko wapi? Kamera ya simu ya bei ya chini leo inaona maelezo mengi kuliko ile. Nguvu yake ni kwamba tunajua jina la baba, jina la mtoto, kijiji, mwezi, kampuni. Ondoa majina hayo: inabaki mtu mwenye huzuni amekaa barazani.

Picha 10,000, na unyoya mmoja

Mfano wa pili ulipita hapa kwetu. Mwaka 1909 Herbert Lang na James Chapin, watu wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani, huko New York, walipanda mto mpaka Stanleyville, yaani Kisangani yetu, halafu wakaingia pori la kaskazini-mashariki: Avakubi, Medje, Niangara. Walibaki mpaka 1915. Lang alirudi na picha karibu 10,000. Miaka sita, mvua hii yetu, mizigo ikibebwa kichwani na mitumbwini! Lakini walikuwa watu wa makumbusho, na kwa watu kama hao kitu kisicho na namba na maelezo hakina thamani.

Hata hivyo wao pia walifundishwa somo. Mwaka 1913 Chapin alipata unyoya mmoja juu ya kofia ya mwenyeji, hakujua ni wa ndege gani, akauchunga. Miaka zaidi ya 20 ikapita. Mwaka 1936, kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, aliona ndege wawili wa zamani waliokaushwa, wamewekwa juu ya kabati. Etiketi yao ilisema ni tausi wachanga wa India. Chapin akakumbuka unyoya wake. Kumbe ilikuwa aina ambayo sayansi haikuijua bado: tausi wa Kongo, Afropavo congensis. Etiketi ya uongo ilikuwa imemficha mbele ya macho ya wataalamu. Sisi tuliopita kwa mimea tunalijua jambo hili: mmea wa herbaria bila etiketi ni majani makavu tu.

Depara: kamera ndogo, mikono yenye ujuzi

Msifikiri mambo haya ni ya wazungu peke yao. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928, alinunua kamera ndogo ya Adox mwaka 1950, ju ya ndoa yake. Mwaka uliofuata alihamia Léopoldville. Alikuwa anatengeneza baiskeli, saa na hata aparei za picha, na huku anapiga picha. Mwaka 1954 Franco mwenyewe akamchukua kuwa mpiga picha wake. Usiku wa Kinshasa wa miaka ile, baa, magari, vijana waliovaa vizuri, tunauona leo kwa macho ya Depara. Hakuanza na aparei ya bei kali. Alianza na ndogo, na alijua kuifungua na kuifunga.

Dijitali imemaliza nini, imeleta nini

Mwaka 1975, injenia kijana wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera isiyotumia filmu. Ilikuwa na uzito wa kilo zaidi ya 3, picha yake ya nyeusi na nyeupe ilikuwa na nukta 10,000 tu, na iliomba sekunde 23 kuandika picha moja juu ya kaseti. Kodak haikuikimbilia njia ile ipasavyo. Mwezi wa Januari 2012 kampuni iliomba kinga ya kufilisika.

Kwetu dijitali imeondoa jelatini na kazi ya usiku wa manane. Lakini kioo kimebaki kioo, na kuvu imebaki kuvu. Tena imeleta kifo kipya: karti ya memwari inakufa ghafla, telefone inaibwa, na picha elfu mbili zinaondoka siku moja, bila kuacha hata karatasi.

Basi, mtu akiniuliza leo «ninunue nini?», namjibu hivi.

Kama pesa ni kidogo, telefone nzuri inatosha kabisa. Kioo chake ni kidogo na kimefungwa vizuri. Usione haya.

Kama unataka reflekse ya okazyo, nenda na tochi. Fungua objektifu, piga mwanga kutoka nyuma, chungulia kutoka mbele. Ukiona nyuzi ao utando, rudisha, hata muuzaji akisema ni vumbi. Angalia mahali pa batri na pale objektifu inashika: kutu ya kijani ni alama kwamba maji yamepita. Funga tundu la mwanga mpaka namba 16, piga picha ya mbingu nyeupe. Madoa yanayobaki mahali palepale hata ukibadilisha objektifu yako kwenye kapteri, kile kipande kinachopokea mwanga. Vumbi lake linatolewa kwa pampu ndogo ya mpira, si kwa kupuliza na mdomo, ju mate ni maji. Uliza pia kama batri ya aina hiyo inapatikana mjini. Aparei bila batri ni jiwe. Na karti mpya, ijaze yote siku ya kwanza, halafu fungua kila kitu: karti za uongo zinaandika ukubwa zisizokuwa nao.

Ukifika nyumbani, sahau ule mfuko wa ngozi. Tafuta kisanduku cha plastiki kinachofunga kabisa. Ndani weka silika jeli. Kama huna, tumia ujanja wetu wa mbegu: kaanga mchele bila mafuta mpaka uanze kugeuka rangi, uache upoe ndani ya chupa iliyofungwa, uutie ndani ya kitambaa kizito ili unga usiingie kwenye aparei. Ubadilishe kila majuma mawili. Ukitoka kwenye chumba cha baridi kuingia joto, acha kamera imefungwa nusu saa, isitoke jasho. Na dawa kubwa kuliko zote: itumie. Kamera inayoona mwanga na upepo kila juma, kuvu haina nafasi ya kutulia.

Kwa nini najisumbua hivi

Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wetu. Nilikuwa mtoto mdogo. Najua yale mama anasimulia. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ilihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa. Hapa mjini tunasema wanapita elfu moja. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye iliamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, ju ya vita yote, si Kisangani peke yake. Kongo iliomba zaidi ya bilioni 11. Sababu ni nyingi, na mimi si mwanasheria. Lakini moja ilionekana wazi: ushahidi uliopelekwa haukutosha kuhesabu kila hasara.

Mama ana picha moja ya nyumba yetu ya zamani, komini ya Tshopo. Ukuta umepasuka, mlango hauko. Kuvu imekula kona mbili. Nyuma hakujaandikwa kitu. Mama anasema ni ya Juni 2000. Baba mdogo anakataa: kwake ni ya Agosti 1999, walipopigana mara ya kwanza. Aliyeipiga amekufa. Kwa hiyo nyumba yetu ilivunjwa, picha iko, na bado hatuwezi kusema ni siku gani.

Jumapili iliyopita niliipiga tena na telefone, mchana, karibu na dirisha, bila flashi. Nikaandika nyuma kwa kalamu ya risasi: mahali, jina la mwenye nyumba, yale mama anasema, yale baba mdogo anasema. Nakala moja nimetuma kwa dada yangu Kinshasa, moja iko kwenye diski, moja kwenye intaneti. Ya karatasi iko ndani ya kisanduku, pembeni ya objektifu yangu iliyosafishwa, na mchele.

Nyinyi pia mko nazo, chini ya kitanda cha koko, ndani ya valizi ya zamani. Kabla ya kutafuta pesa ya kamera mpya, fungueni valizi hiyo, mkae na wazee wangali hai, mwandike majina.