Mandhari ya Eneokazi kwenye Skrini Mbili

Mandhari ya eneokazi ni picha inayokaa nyuma ya aikoni na madirisha ya kompyuta. Skrini zikiwa mbili, mtumiaji ana njia tatu: kurudia picha moja kwenye kila skrini, kutandaza picha moja pana juu ya zote mbili, au kuipa kila skrini picha yake. Hiyo ya tatu inaonekana kuwa nyepesi kuliko zote, lakini kwenye Windows ndiyo iliyochelewa.

Picha ya nyuma yenyewe ni ya zamani. Mfumo wa X wa kompyuta za Unix ulikuwa na programu ndogo, xsetroot, ambayo tangu 1985 iliweza kujaza skrini kwa rangi moja au kwa nakshi inayojirudia. Windows ilipata picha za nyuma katika toleo la 3.0 la mwaka 1990. Skrini zaidi ya moja nazo si jambo geni. Macintosh II ya 1987 ilikuwa na nafasi sita za kadi, na mwenye fedha aliweza kuchomeka kadi kadhaa za picha, kila moja na skrini yake. Windows 98 ilikuja na uwezo wa kuendesha hadi skrini tisa kwa pamoja.

Skrini tisa, picha moja. Windows ilihesabu mandhari kuwa mali ya eneokazi, na eneokazi ni moja hata skrini ziwe ngapi. Katika sajili ya mfumo palikuwa na nafasi ya jina la faili moja tu. Aliyeunganisha skrini ya pili kwenye Windows XP alikiona kile kilima maarufu cha kijani, kilichopigwa picha na Charles O'Rear huko Sonoma, California, mwaka 1996, kikimtazama mara mbili, kushoto na kulia, kama doti ya kanga ambayo bado haijakatwa. Windows 7 ya 2009, iliyosifiwa kwa mengi, haikubadilisha hilo.

Wajanja walipata upenyo. Windows ilikuwa na mtindo wa kurudia picha ndogo mithili ya vigae hadi eneokazi lijae, na mtindo huo haukujali mpaka kati ya skrini. Kwa hiyo mtu aliunganisha picha zake mbili ziwe faili moja pana, akaliweka kwa mtindo wa vigae, na kila nusu ikaangukia skrini yake. Skrini mbili za pikseli 1920 kwa 1080 zilihitaji picha ya 3840 kwa 1080. Ikiwa ya pili ni ndogo, tuseme 1366 kwa 768, upana unakuwa 3286, kimo kinabaki 1080, na chini ya picha ndogo huachwa ukanda wa pikseli 312 usioonekana popote. Hesabu hiyo ni sahihi pale tu kingo za juu za skrini zote mbili zinapokuwa kwenye mstari mmoja katika mipangilio. Zikipishana, picha nayo hupanda au kushuka.

Kilichowatatiza wengi zaidi ni upande wa kushoto. Windows huanza kuhesabu pikseli kwenye kona ya juu kushoto ya skrini kuu, na vigae huanzia hapohapo. Skrini ya pili ikikaa kushoto kwa ile kuu, kwenye hesabu za mfumo iko chini ya sifuri, na kinachoonekana huko ni mwisho wa kulia wa picha. Mtu aliyepanga picha zake kama anavyoziona mezani alikuta zimebadilishana nafasi. Programu za kulipia kama UltraMon na DisplayFusion zilipata wateja kwa sababu, pamoja na kazi nyingine, zilifanya hesabu hizi zenyewe.

Windows 8, iliyotolewa Oktoba 2012, ilimaliza suala hilo miaka 14 baada ya Windows 98. Tangu hapo kila skrini ina picha yake katika kumbukumbu ya mfumo, na kuna pia chaguo la kutandaza picha moja juu ya skrini zote. Katika Windows 10 na 11, mtumiaji hufungua mipangilio ya mwonekano, huingia sehemu ya picha ya nyuma, kisha hubofya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Menyu hutokea, nayo humpa nafasi ya kuchagua skrini ya kwanza, ya pili, au zote. Kubofya kwa kitufe cha kushoto huipeleka picha kwenye skrini zote, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani kompyuta yao haina uwezo huo.

Namba za skrini pia hupotosha. Nambari 1 si lazima iwe skrini kuu, wala ile iliyo kushoto. Katika mipangilio ya skrini kuna kitufe kinachoandika namba kubwa juu ya kila moja, na ni vyema kukibonyeza kwanza. Jambo la pili: skrini ziwe zimepanuliwa. Zikiwa zinaonyesha kitu kilekile, kama inavyofanyika kwa projekta darasani, kwa Windows hizo ni skrini moja, na menyu ya kuchagua haitaleta chochote.

Upungufu mmoja umebaki. Namna ya kuikalisha picha, iwe kujaza skrini yote, kuivuta au kuiweka katikati, ni moja kwa skrini zote. Mwandishi wa programu aliyesimamisha skrini yake ya pili wima hawezi kuiamuru ijazwe huku ya kwanza ikiwekwa picha katikati. Dawa ni kukata picha kwa vipimo vya skrini yenyewe, 1080 kwa 1920 kwa mfano, kabla ya kuichagua.

Kwenye Mac kila skrini ina mandhari yake bila hila yoyote. Linux hutegemea eneokazi lililosakinishwa: katika KDE Plasma mtu hubofya kwa kitufe cha kulia juu ya skrini anayoitaka, na katika Xfce huburuta dirisha la mipangilio hadi kwenye skrini hiyo. GNOME haina chaguo hilo hadi leo. Watumiaji wake hutumia HydraPaper, inayounganisha picha ziwe moja pana, ujanja uleule wa enzi za Windows 7. Wanaopenda kuandika amri wana feh, inayopokea majina ya faili mawili na kuyagawa kwa skrini kwa mpangilio huo.

Kwa mwenye Windows 8 au toleo la baadaye, kununua programu kwa ajili ya picha mbili tu ni kupoteza fedha. Programu hizo zina maana kwa anayetaka kila skrini ikalishwe picha kwa namna yake.