Kung'atuka

Magazeti yetu hupenda kuandika kwamba kiongozi fulani "ameng'atuka" hata pale alipotimuliwa mchana kweupe. Neno hili ni la Kizanaki, lugha ya Butiama, na lilienea nchi nzima Mwalimu Nyerere alipoacha urais Novemba 1985, akiwa na miaka 63. Kwa Wazanaki halikuwa neno la mtu mmoja aliyechoka na kiti. Wazee wa rika waliwaachia wadogo zao uongozi muda wao ulipotimia, kisha wakabaki kuwa washauri. Anayejiuzulu huenda amekosea, au amesusa. Anayeng'atuka hana kesi.

(Mrithi wa Mwalimu, Mzee Ali Hassan Mwinyi, alizaliwa 1925, miaka mitatu tu baada yake. Kwa hesabu ya rika, hapo hawakupishana sana.)

Uenyekiti wa chama, CCM, Mwalimu aliuacha baadaye, 1990. Siku hizi kijana wa Bunda au Musoma akimwambia mwenyekiti wa mtaa, "Mzee, ng'atuka," maana yake ni ondoka, tumekuchoka, na mwenyekiti husikia tusi. Babu za kijana huyo wangeuliza kwanza ni zamu ya rika lipi.