Baada ya Uzamivu, Nini?

Shahada ya uzamivu imepata jina lake kwa mzamivu, fundi wa kupiga mbizi. Akishaibuka na shahada yake huenda wapi? Katika maabara za saratani, mara nyingi huchukua mkataba wa miaka michache chini ya profesa mwingine, kazi yake kubwa ikiwa utafiti. Tunamwita "mtafiti wa baada ya uzamivu". Jina refu, na baya zaidi, linataja alikotoka bila kusema anafanya nini.

Mtazame Elizabeth Blackburn. Alihitimu Cambridge mwaka 1975, akaenda Yale kwa Joseph Gall. Huko alisoma mfuatano wa DNA kwenye ncha za kromosomu za Tetrahymena, kiumbe cha seli moja kinachoishi kwenye maji baridi ya madimbwi. Makala yao ilitoka 1978. Ncha hizo, telomea, hufupika kadiri seli zinavyogawanyika, hata kuuwekea mgawanyiko kikomo, na seli nyingi za saratani hukikwepa kikomo hicho kwa kuamsha kimeng'enya kiitwacho telomerasi. Mwaka 2009 Blackburn alipata Nobeli pamoja na Carol Greider na Jack Szostak. Sasa hiyo miaka ya Yale ilikuwa "baada" ya nini? Mbizi yenyewe ndiyo hiyo!

Mimi ningesema "mtafiti mzamivu", basi. "Mzamiaji" hapana: mtaani huyo ni aliyejificha melini akaenda Ulaya bila karatasi, na mwombaji wa nafasi hizi ana viza ya kuhangaikia.