Upasuaji wa kidevu kwa ajili ya urembo: gharama zake na namna ya kulipia

Huenda umeona tangazo mtandaoni lenye picha mbili za mtu mmoja, "kabla" na "baada", na chini yake bei. Bei hiyo mara nyingi si kiasi utakacholipa mpaka mwisho. Ukurasa huu unakueleza fedha huishia wapi, nani anaweza kukusaidia kulipa, na ni mikopo gani ya kukaa nayo mbali. Tumeuandika hasa kwa msomaji aliye Tanzania, ingawa mengi yake yanamfaa pia aliye Kenya.

Je, ni urembo au ni ugonjwa?

Anza na swali hili kabla ya kuuliza bei, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua nani atalipa.

Kidevu kidogo au kilichorudi nyuma kinaweza kuwa umbile tu ulilorithi kwa wazazi. Lakini pia kinaweza kuwa dalili. Mtoto aliyeanguka na kuumia kiungo cha taya, au aliyeugua sikio hadi usaha ukafika kwenye kiungo hicho, anaweza kukua taya likiwa limeganda: mdomo haufunguki vizuri na taya la chini halirefuki. Mtu aliyevunjika taya kwenye ajali ya bodaboda na mfupa ukaunga vibaya naye hubaki na kidevu kilichopinda. Uvimbe wa mfupa wa taya ni sababu nyingine. Wapo pia wenye taya dogo ambao hukoroma sana, hukata pumzi usingizini na kushinda wakisinzia mchana.

Ukiwa na mojawapo ya haya, au ukitafuna kwa shida kwa sababu meno ya juu na ya chini hayakutani, usianzie kwenye kliniki ya urembo. Nenda kwa daktari wa meno katika hospitali ya wilaya au ya mkoa, umweleze historia yako yote, naye akupe rufaa kwa madaktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Muhimbili wapo. Hapo unatibiwa kama mgonjwa, na karatasi zako zitasomeka hivyo hata mbele ya bima.

Wakati mwingine tatizo ni meno tu. Meno ya juu yakitokeza sana, kidevu huonekana kimerudi nyuma hata kama mfupa hauna kasoro. Waya za meno nazo ni ghali na huchukua mwaka au zaidi, lakini hakuna mfupa unaokatwa.

Kuna kipimo kingine kisicho na gharama yoyote. Usijihukumu kwa picha ya selfi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulikadiria kwamba picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi huifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko picha iliyopigwa kwa umbali wa mita moja na nusu. Simu ikiinuliwa juu kidogo, kidevu ndicho kinachokuwa mbali zaidi na kamera, kwa hiyo kinasinyaa. Mwombe mtu akupige picha ya ubavuni akiwa amesimama hatua kadhaa kutoka kwako. Wengine huahirisha safari ya kliniki baada ya kuiona.

Njia tatu, na gharama zake zinavyotofautiana

Njia inayoanza kwa bei ndogo ni sindano za kujaza, ambazo wengi huziita fila. Hakuna kulazwa wala nusu kaputi. Tatizo ni kwamba dawa inayotumika zaidi huyeyuka yenyewe mwilini, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja au zaidi kidogo, na ukitaka kubaki na umbile hilo unachoma tena. Kwa hiyo piga hesabu ya miaka mitano, si ya siku moja. Sindano si mchezo wa saluni pia: dawa ikiingia ndani ya mshipa wa damu, ngozi inaweza kufa, na kwa nadra mtu hupofuka. Anayechoma anatakiwa awe na dawa ya kuiyeyusha hapo hapo mezani. Muulize kama anayo, na kama hajui unazungumzia nini, ondoka.

Njia ya pili ni kipandikizi, mara nyingi cha silikoni, kinachowekwa juu ya mfupa kupitia ndani ya mdomo au chini ya kidevu. Gharama yake ni ya mara moja, isipokuwa kikipata maambukizi au kikihama. Hapo unalipa kukitoa, na ukitaka kingine unalipa tena.

Ya tatu ni kukata mfupa wa kidevu chenyewe, kuusogeza, kisha kuufunga kwa vibati na skrubu za titani. Hii kwa kawaida huhitaji nusu kaputi, picha za kina za taya na daktari aliyebobea katika mifupa ya uso, kwa hiyo huwa ghali kuliko nyingine. Faida yake ni kwamba kinachosogezwa ni mfupa wako mwenyewe. Ganzi kwenye mdomo wa chini na kidevu ni ya kawaida kwa wiki au miezi. Kwa wachache haiishi, kwa sababu mshipa wa fahamu wa mdomo unapita karibu na pale panapokatwa.

Bei iliyotajwa imebeba nini?

Mitandao mingi hunukuu bei za Marekani. Chama cha madaktari wa upasuaji rekebishi cha huko kilitaja wastani wa takriban dola 3,600 kwa kuongeza kidevu, kwa takwimu za mwaka 2022. Lakini hiyo ni ada ya daktari mpasuaji peke yake. Haina nusu kaputi, haina chumba cha upasuaji, haina dawa. Msomaji anayeigeuza kuwa shilingi na kwenda nayo hospitali atashtuka.

Ndivyo ilivyo hata kwetu. Unapotajiwa bei, omba makadirio ya maandishi yanayotenganisha kila kitu: kumwona daktari, eksirei au CT skani, vipimo vya damu, ada ya mpasuaji, ada ya daktari wa usingizi, chumba cha upasuaji, kipandikizi au vibati vyenyewe, kitanda, dawa, na marudio. Kisha uliza swali ambalo watu wengi huona haya kuliuliza: "Likitokea tatizo, nani analipa?" Kliniki nyingine hurekebisha bila ada ya daktari ndani ya muda fulani lakini hukutoza chumba na dawa. Nyingine hukutoza kila kitu upya. Jibu lolote utakalopewa, liwe kwenye karatasi.

Ongeza na gharama ambazo hakuna hospitali itakayokuandikia. Utakula uji, supu na vyakula laini kwa siku kadhaa au zaidi. Uvimbe mkubwa hupungua kwa wiki chache. Kama unauza dukani au unaendesha bajaji, siku hizo hakuna kipato, na nyumbani watu wanakula kama kawaida.

Bima italipa?

Kwa urembo, hapana. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya haulipii upasuaji wa urembo, na bima binafsi kwa kawaida huandika hivyo waziwazi katika orodha ya yasiyolipiwa. Kenya nako, ambako SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, usitegemee kulipiwa urembo.

Kama ni ugonjwa, mambo hubadilika, ila unahitaji ushahidi: barua ya daktari bingwa inayoeleza unashindwa kufanya nini (kutafuna, kupumua, kufungua mdomo), picha, na kibali kabla ya upasuaji. Kibali kinachoombwa baada ya kufanyiwa upasuaji mara nyingi hukataliwa. Asiye na bima wala uwezo anaweza kuonana na ofisi ya ustawi wa jamii katika hospitali ya umma, ambako maombi ya msamaha hupimwa. Mtoto aliyezaliwa na mdomo wazi hahesabiwi kuwa anatafuta urembo; hospitali zinazoshirikiana na Smile Train, Tanzania na Kenya, humfanyia upasuaji bila malipo.

Usimwombe daktari aandike ugonjwa usiokuwepo ili bima ilipe. Ni udanganyifu, na unaweza kuwagharimu nyote wawili.

Ukilipa mwenyewe

Akiba ndiyo njia tunayoipendekeza, hata kama ni polepole. Kidevu cha urembo hakina dharura. Kibubu, upatu, VICOBA au SACCOS vinafanya kazi hapa vilevile kama kwenye ada ya shule, na ule mwaka wa kuweka akiba una faida nyingine: ukifika mwisho wake bado unautaka upasuaji, basi unajua kwamba unautaka kweli. Usianze mpaka uwe na fedha za pembeni kwa ajili ya tatizo lisilotarajiwa.

Kuhusu mikopo, fanya hesabu kabla ya kusaini. Tuseme unakopa shilingi 3,000,000 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, inayohesabiwa kwenye mkopo wote mpaka mwisho, kwa miezi 12. Asilimia 5 inasikika ndogo. Lakini ni 150,000 kila mwezi, yaani 1,800,000 kwa mwaka. Utarudisha 4,800,000, sawa na 400,000 kwa mwezi, na unaanza kulipa ukiwa bado umevimba. Mkopo wa SACCOS ambao riba yake hupungua kadiri unavyolipa ni nafuu zaidi. Mikopo ya kausha damu na ya programu za simu usiiguse kabisa kwa jambo hili. Tumeona godoro na televisheni vikibebwa kwa deni la mambo madogo kuliko haya.

Kwenda India au Uturuki

Bei ya hospitali inaweza kuvutia. Jumlisha tiketi, viza, msindikizaji, na siku za kukaa hotelini mpaka daktari akuruhusu kupanda ndege. Kisha fikiria mwezi wa tatu, kidevu kimeanza kuuma na aliyekupasua yuko mbali. Ukienda, rudi na ripoti ya upasuaji pamoja na kadi inayoonyesha aina na ukubwa wa kipandikizi. Bila hivyo daktari wa hapa atafanya kazi gizani.

Kabla hujalipa malipo ya awali

Hakiki jina la daktari kwenye daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika, au KMPDC ukiwa Kenya, na uangalie kama ubingwa anaoutaja umeandikwa pale. Hakiki pia kama kituo kina leseni. Mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kunyonywa mafuta katika kliniki ya urembo, na mamlaka zikaifunga kliniki hiyo.

Uliza malipo ya awali yanarudishwa kwa masharti gani ukiahirisha au vipimo vikionyesha hufai kupasuliwa. Lipa kwa akaunti ya kituo na si kwa namba ya simu ya mtu binafsi, na uchukue risiti. "Ofa inaisha leo" ni kauli ya kuuzia viatu. Daktari makini atakupa muda wa kwenda nyumbani kufikiri, na atakubali uje na ndugu yako mara ya pili.

Kama una umri chini ya miaka 18, mfupa wa taya huenda bado unakua. Subiri.