Gramu tisa za kumuua kulungu

Anayetaka kumwinda mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu katika misitu inayozunguka Stockholm hufanya hesabu kabla hajagusa bunduki. Kanuni ya Sweden iliyotawala kwa miongo ilimdai hivi: kichwa cha risasi kiwe na uzito usiopungua gramu 9, na kikifika mita 100 kiwe bado na nguvu ya jouli 2,700. Au kiwe na gramu 10 na zaidi, ndipo jouli 2,000 zitakapotosha. Risasi za namna hiyo huitwa za daraja la 1, nazo ndizo za älg, mnyama mrefu kuliko farasi ambaye dume lake hupita kilo 400, na za kulungu wa aina ya kronhjort na dovhjort, nguruwe mwitu na dubu. Rådjur, kulungu mdogo wa kilo 20 hadi 30 anayekaribiana kwa umbo na paa wetu, ameachiwa daraja la 2: gramu 3.2 na jouli 800.

Tarakimu hizi zinaonekana kavu. Ukizifuatilia zilikotoka, utakuta ndani yake mfalme, wakulima, jeshi, mkataba wa vita na mnyama aliyebakiza kidogo tu atoweke. Utaikuta Afrika Mashariki pia.

Zamani uwindaji wa kulungu nchini Sweden ulikuwa haki ya mfalme na makabaila. Djurgården, kisiwa ambacho leo wakazi wa Stockholm hukitembelea kwa makumbusho na bustani zake, kilikuwa shamba la mawindo la kifalme. Mfalme Johan III alitenga sehemu ya eneo hilo kwa ajili ya wanyama wake katika karne ya 16, na katika miaka ya 1680 Karl XI akalizungushia uzio. Mkulima aliyemkuta kulungu akila mazao yake hakuwa na ruhusa ya kumpiga.

Mwaka 1789 Gustav III, akitafuta kuungwa mkono na watu wa chini katika ugomvi wake na makabaila, aliwapa wakulima haki ya kuwinda katika ardhi yao wenyewe. Ilikuwa haki waliyoistahili, lakini haikuambatana na ulinzi wa kutosha kwa mnyama. Kufikia miaka ya 1830 rådjur walikuwa wamemalizwa karibu nchi nzima. Waliosalia, kiasi cha mia moja hivi, walihifadhiwa kwenye mashamba ya Övedskloster katika jimbo la Skåne, kusini kabisa. Rådjur wote wanaokula maua ya tulipu katika bustani za Stockholm leo wana deni kwa kundi lile dogo. Wawindaji wenyewe waliuona msiba huo. Chama chao, Svenska Jägareförbundet, kilianzishwa mwaka 1830, na tangu sheria ya uwindaji ya 1938 kimekabidhiwa na serikali sehemu ya kazi ya kusimamia wanyama hao.

Hapo swali kubwa lilikuwa nani awinde na lini. Swali la risasi gani itumike lilikuja baada ya bunduki kubadilika.

Mwaka 1894 Sweden na Norway, zilizokuwa bado chini ya taji moja, ziliidhinisha risasi mpya ya kijeshi ya milimita 6.5, yenye ganda refu la milimita 55. Ilikuwa nyembamba na ndefu, yenye kichwa cha gramu 10.1, na Sweden iliitumia katika bunduki za aina ya Mauser. Haikumsukuma sana mpigaji begani, na ilikwenda sawa. Kwa kuwa kulenga shabaha kulikuwa mchezo wa taifa, na vikundi vya walengaji vilienea hadi vijijini, bunduki hizi ziliingia majumbani kwa wingi. Mtu aliyejifunza kulenga kwa bunduki ya jeshi Jumapili aliichukua hiyo hiyo kwenda kumwinda älg msimu ulipofika. Kampuni ya Norma, iliyoanzishwa mwaka 1902 na ambayo kiwanda chake kiko Åmotfors mkoani Värmland, ilijenga jina lake juu ya risasi za namna hii.

Ila risasi ya vita na risasi ya mawindo zina kazi mbili zisizopatana. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza vitani vichwa vya risasi vinavyopanuka vikiingia mwilini, vile vilivyopewa jina la Dum Dum kutokana na kiwanda cha silaha karibu na Calcutta. Askari apigwe na risasi iliyofunikwa ganda gumu, ipenye ipite, apate nafasi ya kupona. Kwa mnyama, huruma inadai kinyume chake. Risasi ngumu inayopita bila kupanuka humwacha kulungu akakimbia na tundu dogo mwilini, akafie mbali baada ya saa nyingi, au asife, aishi na kidonda. Ndiyo maana kanuni za Sweden kwa wanyama wakubwa zinadai kichwa kinachopanuka. Kilichopigwa marufuku kwa binadamu kikawa lazima kwa kulungu, na sababu zote mbili ni kupunguza mateso. Sijui sehemu nyingine ya sheria inayoonyesha hivi wazi kwamba maadili lazima yaangalie ni nani aliye mbele ya mtutu.

Turudi kwenye gramu na jouli. Nguvu ya risasi ni nusu ya uzito wake mara kasi yake mara kasi tena. Kichwa cha gramu 9 kikitakiwa kuwa na jouli 2,700 kwenye mita 100, lazima hapo kiwe kinakwenda mita 775 hivi kwa sekunde. Kichwa cha gramu 10 chenye jouli 2,000 kinahitaji mita 632 tu. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuelezeka kwa gramu moja. Sasa chukua risasi ya zamani ya 6.5: gramu 10.1, kasi ya takriban mita 725 kwa sekunde inapotoka mtutuni. Nguvu yake mdomoni mwa mtutu ni jouli 2,650 hivi. Haifikii 2,700 hata kabla haijaanza safari, lakini kwenye mita 100 bado inazo zaidi ya 2,000. Mlango wa pili wa kanuni unaitosha vizuri kabisa. Kwa maoni yangu si bahati: nchi iliyokuwa na bunduki hii katika nyumba nyingi kiasi hicho isingeandika kanuni ya kuifungia nje, na uzoefu wa vizazi ulikuwa umeonyesha kwamba kichwa kizito na kirefu cha 6.5, kikipanuka na kikipigwa mahali pake, kinamuua älg. Norway nayo ilifuata njia hiyo hiyo, ikidai jouli 2,200 kwa gramu 10.

Sheria ya uwindaji ya sasa ilipitishwa mwaka 1987, na kiini chake ni kwamba mnyama asipate mateso yasiyo ya lazima. Undani wa silaha na risasi uliachiwa Naturvårdsverket, mamlaka ya mazingira iliyoundwa mwaka 1967 na yenye ofisi Stockholm na Östersund, ambayo kanuni zake za mwaka 2002 zimerekebishwa mara nyingi. Zaidi ya risasi, tangu 1985 mwindaji mpya hufanya mtihani wa nadharia na wa kulenga. Tena anayewinda kulungu au älg lazima awe na njia ya kumpata mbwa aliyefunzwa kufuata mnyama aliyejeruhiwa, afike pale si zaidi ya saa mbili baada ya mlio. Ukubwa wa shughuli yenyewe unaeleza kwa nini ukali huu unahitajika. Mwaka 1982 waliuawa älg takriban 174,000, na mwaka 1993 rådjur wapatao 380,000. Asilimia ndogo tu ya makosa katika hesabu hiyo ni maelfu ya wanyama wanaotambaa msituni.

Msomaji wa Karamoja au Songea anaweza kuuliza kama ukubwa wa risasi una maana yoyote mbele ya mlengaji hodari. Swali hilo lilijibiwa kwetu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mskoti Walter Bell, aliyejulikana kwa jina la "Karamojo" kwa sababu ya safari zake kaskazini mashariki mwa Uganda, aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa risasi nyembamba ya milimita 7, kwa kulenga ubongo. Wapenzi wa risasi ndogo humtaja mpaka leo. Wanachosahau ni kwamba Bell alilijua fuvu la tembo, na aliishi kwa kulenga. Kanuni za uwindaji zilizokuja baadaye katika nchi zetu ziliweka kipimo cha .375, yaani milimita 9.5, kuwa cha chini kabisa kwa tembo, kifaru na nyati. Zilimtazama mtu wa kawaida aliyechoka, anayetetemeka, ambaye amemwona nyati kwa mara ya kwanza.

Risasi iliyobuniwa kwa ajili ya huku huku nayo ilikwenda kaskazini. Mwaka 1905 fundi bunduki wa Berlin, Otto Bock, alibuni risasi ya milimita 9.3 yenye ganda la milimita 62. Aliwakusudia wawindaji na walowezi wa makoloni ya Kijerumani ya Afrika, nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika ikiwemo, waliohitaji bunduki ya bei nafuu inayoweza kumsimamisha nyati. Ukoloni wa Kijerumani uliondoka Tanganyika, risasi ikabaki, ikahamia Sweden. Leo ni miongoni mwa risasi zinazopendwa huko kwa älg, na kwa nguruwe mwitu, ambao walitoweka karne nyingi zilizopita kisha wakaenea tena baada ya kutoroka mazizini katika miaka ya 1970. Kichwa chake ni kizito sana, kinapita daraja la 1 bila hesabu ya karibu.

Kwingine kanuni zimesukumwa na mambo tofauti. Katika majimbo ya Marekani kama Ohio na Michigan, hofu kubwa ilikuwa watu: ardhi tambarare, nyumba karibu, risasi inayokwenda mbali. Kwa muda mrefu sehemu hizo ziliruhusu hasa bunduki za marisau kwa kulungu, kisha mwaka 2014 zikafungua mlango kwa risasi zenye ganda lililonyooka ambazo huishiwa nguvu mapema. Winchester ikatoa risasi ya 350 Legend mwaka 2019 ili itoshee ndani ya kanuni hizo. Sheria inaweza kuzaa risasi, kama vile risasi ya 6.5, kwa maoni yangu, ilivyozaa kipengele cha sheria Sweden.

Mgogoro wa sasa unatokana na sumu. Kichwa cha risasi cha kawaida kina kiini cha madini ya risasi, laini na mazito, ambayo yakigonga mfupa hutawanyika vipande visivyoonekana kwa macho. Livsmedelsverket, mamlaka ya chakula iliyoko Uppsala, imeshauri kukata na kutupa nyama inayozunguka jeraha, kwa kuwa sumu hii huharibu ubongo wa mtoto unaokua. Umoja wa Ulaya ulizuia marisau ya madini hayo kwenye maeneo oevu kuanzia Februari 2023. Denmark, iliyokwisha kuyapiga marufuku marisau hayo tangu 1996, ilikwenda mbali zaidi Aprili 2024 na kuzuia pia vichwa vya risasi vya bunduki vyenye madini hayo.

Mbadala ni shaba. Tatizo ni kwamba shaba ni nyepesi: sentimita moja ya ujazo ina gramu 9 hivi, wakati madini ya risasi yana zaidi ya 11. Kichwa cha shaba chenye umbo lile lile la 6.5 hushuka chini ya gramu 9. Kwa kanuni ya gramu 9, bunduki iliyolisha familia za Wasweden tangu siku za babu zao iliteremshwa daraja la 2, ikabaki ya rådjur, ingawa kichwa cha shaba hupanuka vizuri, hakivunjiki, na hupenya zaidi ya kile cha zamani. Scotland ilikutana na kikwazo hicho hicho, na mwaka 2023 ikapunguza uzito wa chini kwa kulungu wakubwa kutoka gramu 6.5 hadi 5.2, ili wanaoacha sumu wasiadhibiwe.

Naona Scotland ilifanya jambo la haki. Uzito uliwekwa kama njia ya kuhakikisha risasi inapenya, na katika zama za madini ya risasi ulifaa. Kinachomuua kulungu haraka ni upana na kina cha jeraha katika mapafu na moyo, na hilo ndilo linalopaswa kupimwa. Kanuni ya gramu ikimlazimisha mwindaji kubaki na sumu, imeacha kumlinda mnyama na imeanza kumdhuru mlaji.

Nasi tunahusika. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, lakini Tanzania inawinda, na mwaka 2019 Rais John Magufuli aliagiza mabucha ya nyamapori yafunguliwe ili mwananchi ale kitoweo hicho kihalali. Nyama hiyo hupigwa kwa risasi, na wanaoila ni pamoja na wajawazito na watoto. TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori Tanzania, na wizara zinazohusika na afya na maliasili zinapaswa kuagiza nyama ya mabucha ipimwe madini ya risasi, wauzaji wafundishwe kukata sehemu ya jeraha, na leseni za kuwinda kwa ajili ya mabucha zianze kudai vichwa vya shaba.