Mke wa Mtoro hakushuka melini

Mwaka 1905 meli kutoka Ujerumani ilitia nanga Dar es Salaam, na ndani yake alikuwamo mtu wa Bagamoyo anayerudi kwao. Jina lake Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, mwalimu aliyesomea vyuo vya mwambao, ambaye mwaka 1900 Wajerumani walimwita Berlin akawafundishe Kiswahili watu wao waliojiandaa kuja huku. Alirudi na mke, Bertha Hilske, Mjerumani aliyekuwa mfanyakazi wa kiwandani. Walioana Berlin mwaka 1904, ndoa ya serikali, halali kwa sheria za Ujerumani yenyewe. Serikali ya Gavana von Götzen ikamkataza Bertha kushuka. Mtoro naye hakubaki. Meli iliwarudisha wote wawili Ulaya, na mpaka anafariki Berlin mwaka 1927 Mtoro hakuiona tena Bagamoyo, mji usiofika kilomita 80 kutoka bandari ile.

Nimemfikiria sana mzee huyu kwa sababu ya kazi yangu. Nilikuwa karani wa mahakama. Nilipostaafu nikaweka meza kwenye steshenari ya mwanangu karibu na stendi, ambako naandika hati za viapo, mikataba ya mashamba na barua za maombi, halafu wakili anagonga muhuri wake. Watu huniita Mama Karani. Na kwa kuwa mji wetu huu wa Bagamoyo una chuo cha sanaa, kile kilichoanza mwaka 1981 na ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, ndoa za wageni hazikauki mezani kwangu. Wanakuja kujifunza ngoma, marimba na sarakasi. Wengine huondoka na cheti, wengine na mume.

Niliyonayo sasa ni ya mpigangoma wa hapa hapa na mkewe Mmarekani. Wamepanga nyumba Nianjema, mtoto wao yuko chekechea, na mke anakaa Bagamoyo miaka mingi kiasi kwamba anasema "shikamoo" bila kukumbushwa, jambo ambalo vijana wa kwetu wanalikwepa. Sasa wanataka kuhamia kwao mke. Wote tulidhani kazi itakuwa kuthibitisha ndoa. Ndoa ilipita haraka: cheti, picha, mtoto. Kazi ikawa kwa mke. Raia wa Marekani anayemdhamini mume lazima aonyeshe kwamba makazi yake ni Marekani, na kama anaishi nje, kwamba nia yake ni kurudi.

Sheria hiyo ni ya mwaka 1996, na fomu ya udhamini inayombana mtu kisheria ilianza kutumika Desemba 1997. Mdhamini anatakiwa awe na kipato kisichopungua asilimia 125 ya kile kiwango ambacho serikali yao inakiita mstari wa umaskini, na aonyeshe kwamba atakuwa amerejea kabla ya siku mwenzake anapoingia, au aingie naye siku hiyo hiyo. Hili la mwisho wengi hawalijui. Mtu anatangulia peke yake miezi mingi, mtoto analia kila jioni, kumbe wangeweza kupanda ndege moja.

Ushahidi wenyewe ni vitu vya kawaida kabisa: leseni ya udereva ya kule ambayo haijaisha muda, akaunti ya benki inayotembea, ahadi ya kazi, mkataba wa nyumba au barua ya mama mzazi kwamba watafikia kwake, nafasi ya shule ya mtoto, kadi ya mpigakura. Halafu ritani za kodi, maana raia wa nchi ile anapaswa kujaza ritani hata akiishi Bagamoyo, na huyu binti alikuwa na miaka kadhaa hajagusa.

Mumewe alikuja na wazo.

"Mama Karani, kwani barua ya mwenyekiti wa mtaa haitasaidia? Yeye anatufahamu vizuri."

"Mwanangu, mwenyekiti atathibitisha kwamba mkeo anakaa hapa. Hawa wanataka ushahidi kwamba hakai."

Alicheka, lakini si sana, kwa kuwa anakumbuka safari yetu ya kwanza. Aliwahi kuomba viza ya matembezi aende kuwaona wakwe, na barua zake niliziandika mimi. Kwa sheria yao ya mwaka 1952, kila anayeomba kutembea huhesabiwa kuwa anahamia mpaka athibitishe vinginevyo. Basi tukakusanya: karatasi za shamba la minazi Zinga, barua ya kikundi chake cha ngoma, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, yote kuonyesha kwamba huyu mtu lazima arudi Bagamoyo. Leo kwenye kabati langu yapo mafaili mawili ya nyumba moja. La kwanza linaapa kwamba mume hang'oki Bagamoyo, la pili linaapa kwamba mke anang'oka. Na kila moja, kwa wakati wake, lilikuwa kweli.

Kwa mtu aliyesoma chuo cha Kurani mwambao huu, wazo hili si geni. Wanafunzi wa Shafii tulifundishwa mapema kwamba msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, si msafiri tena. Ni mkaazi, na sala anaitimiza. Yule anayengoja haja yake, kila siku akidhani ataondoka kesho, anaruhusiwa kupunguza sala hadi siku 18. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kulala chumba kimoja kwa wiki nzima, mmoja mkaazi na mwingine msafiri, na tofauti yao iko kwenye nia. Ila fikihi inamwachia mtu nia yake na Mola wake. Afisa wa uhamiaji anataka risiti ya umeme.

Bagamoyo ya misafara haikuomba risiti. Miaka ya 1870 na 1880 Wanyamwezi walishuka kwa maelfu kila kiangazi wakiwa na pembe za ndovu mabegani, mwendo wa miezi miwili mitatu, kisha wakapanda tena na mizigo ya nguo, shanga na waya. Hakuna aliyewauliza kama wana nia ya kurudi Unyamwezi. Mvua za Novemba ndizo zilizowajibia, maana mwenye shamba hangoji mvua akiwa pwani. Wafanyabiashara walihofia kinyume chake, kwamba mpagazi atapokea doti zake za malipo ya awali kisha atokomee. Kwa hiyo alihitajika mtu wa kati, anayewajua wapagazi na anayejulikana na matajiri. Kwetu mtu huyo alikuwa Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa Unguja mwaka 1851. Wamisionari, wavumbuzi na Wajerumani wote walipita kwake kutafuta watu na mizigo. Jengo la ghorofa alilolitoa liwe shule, kwa sharti kwamba lisibague watoto kwa rangi, wazee wa hapa bado wanalitaja kwa jina lake.

Udhamini wa namna ile mwambao unauelewa: unasimama kwa ajili ya mtu, safari ikiisha dhamana imeisha. Wa Marekani ni mzito kuliko huo. Nilipomsomea yule binti sehemu ya masharti, mama mkwe wake alikuwapo akaniomba nirudie. Mdhamini anabanwa mpaka mwenzake awe raia, au ahesabiwe robo 40 za kazi, yaani kama miaka kumi, au aondoke moja kwa moja, au afe. Talaka haimfungui. Mama mkwe, ambaye ameachika mara mbili na anajua matunzo ya eda yanaishia wapi, akasema: "Kumbe Wamarekani ndio wanaooa kwa kweli." Sijui kama alikuwa anasifu.

Kabla ya Mtoro, ng'ambo ya bahari tunayoitazama kila asubuhi, alikuwapo Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Alipata mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg, akatoroka mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko, mwaka 1867, alibatizwa akaitwa Emily na kuolewa, wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto watatu kwenye baridi. Alirudi Unguja mwaka 1885 kudai urithi wake, safari hii chini ya ulinzi wa manowari za Wajerumani, na nduguye Sultani Barghash hakumpokea. Kwa Barghash, dada aliyetoka kwenye dini na kuolewa na Mkristo alikuwa ameshatoka nyumbani. Kwa Wajerumani alikuwa raia wao, tena wa kufaa, mpaka walipoipata bara waliyoitaka. Baada ya hapo hawakumhangaikia tena. Miaka mitatu baadaye kampuni yao ilikuwa inakusanya ushuru wa forodha Bagamoyo na vita vya Bushiri dhidi yao vilikuwa vimeanza. Salme alifia Ujerumani mwaka 1924. Wa kwao walimwona Mjerumani, na Wajerumani walimwona wa Unguja.

Mtoro alikuwa na hali tofauti, na ndiyo maana kisa chake kinanichoma zaidi. Yeye hakuvunja na kwao. Mwaka 1903 kilichapishwa Ujerumani kile kitabu cha desturi za Waswahili ambacho jina la Carl Velten liko juu lakini mkono wake Mtoro umo karibu kila mahali: kuzaliwa, kutiwa jando, ngoma, posa, mahari, arusi. Mtu huyu ndiye aliyewaeleza Wajerumani namna mke anavyopokelewa kwenye mji wa Kiswahili. Ualimu wake Berlin ulikwisha kwa uchungu; wanafunzi walimdharau kwa rangi yake. Akaamua kurudi. Kama fomu ya leo ingekuwapo, angeijaza bila kusita: kuzaliwa, Dunda, kazi, mwalimu, wa kumpokea, mji mzima.

Hakupewa fomu. Sababu iliyozungumzwa ilikuwa heshima ya Mzungu, kwamba wenyeji wakimwona mwanamke wa Kijerumani ndani ya nyumba ya Mwafrika, utawala utachekwa. Hebu fikiria: mwaka ule ule wa Maji Maji, nchi ya kusini inawaka, na gavana ana nafasi ya kuogopa mwanamke mmoja kwenye ngazi ya meli. Mwaka uliofuata, 1906, koloni lilifunga mlango huo kwa wote, ndoa za weupe na weusi zisiandikishwe. Mtoro baadaye alipata kazi Hamburg, kati ya 1909 na 1913, kwa mwanazuoni Carl Meinhof, na nyakati nyingine aliishi kwa kutoa mihadhara juu ya nchi asiyoruhusiwa kuishi na mkewe.

Na Wamarekani wasijione bora. Mwaka 1959 hakimu wa Virginia aliwasamehe kifungo Richard na Mildred Loving, mume mweupe na mke mweusi waliooana Washington, kwa sharti kwamba waondoke jimboni na wasirudi pamoja kwa miaka 25. Kurudi pamoja ndiko kulikokatazwa, kama Dar es Salaam ya 1905. Mahakama yao ya Juu iliifuta sheria hiyo Juni 1967, wakati huo sisi tuna Azimio la Arusha.

Ndiyo sababu wateja wangu wanapoilaani fomu, mimi nashindwa kuilaani pamoja nao. Inachosha, inadai fedha ambazo mpigangoma hana, na inamfanya mtu aape juu ya kesho. Mwenye kipato kidogo anaumia kuliko tajiri, hilo nimeliona kwa macho yangu. Lakini ni maswali, na swali lina jibu: tafuta mdhamini wa pamoja, lipa kodi za nyuma, mwandikie mama yako. Bertha Hilske angeleta karatasi gani?

Kasoro yetu wenyewe tunaizungumza kidogo. Kuna binti wa Magomeni aliyeolewa na fundi magari kutoka Kongo, wana watoto wawili, na yeye huja kwangu kila kibali cha mumewe kinapokaribia kuisha. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa ndoa hiyo. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo. Anakwenda kwenye tajinisi, kwa masharti yale yale ya mgeni mwingine yeyote. Yule Mmarekani wa Nianjema, kama angetaka kubaki, angeomba kwa kuwa ni mke wa mtu. Binti wa Magomeni, aliyezaliwa mita mia tatu kutoka meza yangu, hawezi kumpa mumewe kitu kama hicho.

Aliniuliza kwa nini. Nilimwambia kwamba waliotunga sheria walidhani mke ndiye anayehama. Akasema mumewe ndiye aliyehama, na nyumba wanayokaa ni ya mama yake. Nikaweka karatasi nyingine kwenye printa, tukaendelea na maombi ya kibali.